Kwa nini nahamia mwisho wa reli

Habari zimeshasambaa kabla sijazisema mwenyewe, kwa hiyo acha nizithibitishe. Ndiyo, nahama Dar es Salaam. Ndiyo, nahamia Kigoma. Hapana, sijapata mchumba huko. Hapana, sijafukuzwa kazi. Na hapana, hakuna shirika lililonipa gari na posho nono ya kwenda kukaa mbali. Jamani, lingekuwepo ningewatangazia, msingenisikia kila siku nikilia njaa.

Swali ninaloulizwa na kila mtu ni moja tu: "Kigoma kufanya nini?" Mama yangu ndiye aliyeliuliza vizuri kuliko wote. Aliacha kuchambua mchele, akanitazama, akasema: "Mama, watu wa Kigoma wote wako huku. Wewe unakwenda kumfuata nani?"

Nimejaribu kumjibu mama kwa mdomo mara tatu, na mara zote tatu tumeishia kuzungumzia mambo mengine. Basi leo najibu kwa maandishi, maana kuandika ndiyo kazi ninayoijua. Tena najua miongoni mwenu mko wengi wenye wazo kama langu, mmelikalia tu. Kila tukikutana mnaniambia mmechoka na Dar, mnataka mji mwingine, tofauti kabisa. Nikiwauliza upi, mnataja Zanzibar! Haya, tuzungumze.

Kwanza niitendee Dar haki. Siihami kwa chuki. Nimezaliwa Temeke, nimesoma Temeke, na mpaka leo nalala Temeke, nyumbani kwa mama. Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabu mkoa huu watu 5,383,728, na mmoja wao nilikuwa mimi, nimekaa sebuleni najibu maswali ya karani huku mama akinisahihisha. Foleni naijua, joto nalijua, bomba lisilotoa maji nalijua. Mtu akikuambia anahama kwa sababu ya foleni, mwulize ilikuwaje akaivumilia miaka yote hiyo. Foleni humchosha mtu, lakini peke yake haimhamishi. Kinachonihamisha mimi ni kazi.

Kwa miaka minne nimekaa dawati la habari. Kwa wasiojua kazi hiyo, ni hivi: waandishi wa mikoani wanatuma habari, mimi nazinyoosha, nazipunguza, naziwekea kichwa, zinakwenda. Nimehariri habari za mafuriko ya mahali ambapo sijawahi kukanyaga. Nimeweka vichwa vya habari kwenye migogoro ya ardhi ya vijiji ambavyo sikuweza kuvipata kwenye ramani. Hata wenzangu mezani hali ni hiyo hiyo. Tunaiandikia nchi nzima, na nchi yenyewe tunaiona kupitia dirisha moja, nalo limeelekea baharini.

Nitoe mfano. Mei 15, 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, hadi Agosti 15, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Ulikuwa mpango unaozihusu nchi zote nne zinazolizunguka ziwa hilo: sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Dawatini kwetu jambo hilo lilifika kama habari ya aya sita. Kulikuwa na tarehe, kulikuwa na ofisa aliyesema wananchi watii agizo, basi. Jioni nikapita sokoni kununua dagaa. Muuzaji anajua kazi yangu, akaniuliza: "Dada mwandishi, sasa hao wavuvi miezi mitatu wanakula nini?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake nikalipeleka swali lile kazini, hakuna aliyekuwa na jibu. Lakini fikirini wenyewe: swali la muuza dagaa ndiyo lilikuwa habari, na katika zile aya sita halikuwemo. Wazo la kuhama lilianzia hapo.

Sasa, kuhama kwenda wapi? Hapa ndipo wengi tunapokwama, kwa sababu tunasema "tofauti kabisa" bila kujiuliza tofauti katika kitu gani. Mimi nilichukua daftari nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto nikaandika mambo ambayo lazima yabadilike. Kulia nikaandika mambo ambayo nikiyakosa nitarudi Dar kwa basi la kwanza.

Kushoto niliandika mambo manne. Ukubwa wa mji, kwa sababu nataka mahali ambapo nikimtafuta mtu asubuhi nimeshaongea naye kabla ya mchana. Upande ambao mji unatazama. Watu ninaokutana nao, maana Dar kila ninayemjua ni mwandishi, au ni mtu anayetaka kuandikwa. Na saa tatu ninazoziacha barabarani kila siku.

Kulia nayo yalikuwa manne. Maji ya kutazama jioni, nisiyaone hivi hivi kwenye kalenda. Kiswahili cha sokoni, kwa sababu mwandishi asiyeelewa utani wa sokoni ataandika yale ya wakubwa tu. Hospitali yenye daktari, si mnajua pumu yangu. Na hewa ambayo hiyo pumu itaikubali.

Nawaambieni, ile orodha ya kulia ndiyo watu wanayoisahau. Tunadhani mji tofauti kabisa ni ule usiofanana na wako kwa lolote. Ukienda kwenye mji ambao huna hata kitu kimoja unachokijua, mwaka mzima utaumalizia kwenye kutafuta chakula unachoweza kula na mtu unayeweza kucheka naye. Ile tofauti uliyoifuata hutapata nafasi ya kuiona.

Basi nikaanza kupitisha miji kwenye daftari langu, mmoja mmoja.

Dodoma ndiyo ilikuwa jibu rahisi, kila mwandishi anaitaja. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu pale ulifanywa mwaka 1973, ukalala miaka mingi, ukaamka mwaka 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali sasa inahamia kweli. Mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji, na mwaka 2024 treni ya SGR ikaanza kubeba abiria kutoka Dar. Kwa macho ni mji tofauti: ukavu, upepo, zabibu, anga pana. Lakini kaa nje ya ukumbi wowote wa mikutano pale uhesabu nyuso. Mawaziri ni wale wale, maofisa habari ni wale wale, na waandishi ni sisi sisi tuliokuwa tukigombea soda kwenye semina za Dar. Mandhari ingebadilika, habari zingebaki zile zile. Nikaifuta.

Mwanza naipenda, na watu wa Mwanza msinipige. Mawe yamekaa juu ya mawe utadhani kuna fundi aliyapanga, ziwa liko pale, sato yuko pale. Upande wa kulia wa daftari ulipata vema tatu kwa mkupuo. Lakini lile ni jiji la watu zaidi ya milioni moja, lina redio zake, lina waandishi wake tele, lina foleni yake. Ni Dar yenye mawe. Nikaifuta kwa masikitiko.

Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Sisi wa Dar bahari ndiyo jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, kwa hiyo hapo tofauti ipo bila ubishi. Nilikwenda siku nne mwezi wa Julai. Nikala viazi, nikala ndizi, nikalala na koti, na usiku wa tatu kifua kikaanza kupiga filimbi. Pumu ikaamua kwa niaba yangu.

Nairobi nilivutwa na rafiki yangu wa chuo anayefanya kazi huko. Ni mji tofauti kweli kweli: uko juu kwenye ubaridi, hauna bahari wala ziwa la kukaa ukingoni jioni, na Sheng ya kwenye matatu inaweza kumnyamazisha mtoto wa Temeke mpaka anashuka. Lakini Nairobi inakimbia kuliko Dar. Na mimi shida yangu ni kwamba tayari nakimbia.

Zanzibar je? Wapendwa wangu, boti ya mwendo kasi inatufikisha kule kwa saa mbili hivi. Bahari ile ile, joto lile lile, pweza yule yule. Huko mtu anavuka, hahami.

Ikabaki Kigoma. Kwenye karatasi wala si jiji: Kigoma-Ujiji ni manispaa, ya watu laki mbili na ushee. Nikaona isiwe kesi, mimi sikuwa natafuta cheo cha mji.

Februari 2025 nikachukua likizo nikaenda. Sikwenda kutalii, nilikwenda kuishi kwa majaribio. Nilipanga chumba cha kawaida Mwanga, nikanunua ndoo, nikaenda sokoni, nikaenda zahanati kuuliza dawa ya pumu inapatikana wapi na kwa bei gani. Tafadhali, ukitaka kuujua mji, usiujue kupitia hoteli. Hoteli zote zina shuka nyeupe na wahudumu wanaotabasamu. Nenda ukaulize maji yanatoka siku gani.

Nilikwenda kwa treni ya reli ya zamani, ile waliyoijenga Wajerumani ikafika Kigoma mwaka 1914. Ni zaidi ya kilomita 1,200, karibu siku mbili. Kufika Tabora njia zinagawanyika, wa Mwanza wanaelekea kwao na sisi wa Kigoma tukaelekea kwetu (mnaona nilivyokwisha jisemea "kwetu" kabla sijafika!). Kufika Uvinza, kwenye chumvi, watu wa behewa letu walikuwa wameshajua jina langu, kabila langu, na kwamba sijaolewa. Mama mmoja alikuwa ameshaniahidi mpwa wake.

Kitu cha kwanza kilichonigusa Kigoma ni jua. Dar jua linatoka majini. Kigoma linazama majini, upande wa Kongo, na siku anga likiwa safi unaiona milima yenyewe ya Kongo ng'ambo. Saa ya Tanzania ni moja nchi nzima, lakini jua halina habari na hilo. Kigoma iko mbali magharibi kiasi kwamba jua linachelewa karibu dakika 40. Saa moja ya jioni, wakati Temeke wameshawasha taa na mbu wameshaingia kazini, Kigoma jua bado lipo na watoto bado wanacheza mpira. Deni lake unalilipa asubuhi: saa moja umeshaamka, umeshanawa, na jua halijatoka.

Kitu cha pili ni mwezi. Nilifika siku chache kabla haujawa mpevu. Nikashuka Kibirizi, pwani wanapopaki mitumbwi na kuanika dagaa, nikakuta pamepoa. Mitumbwi imelala, wanaume wanashona nyavu, wengine wanacheza bao. Nikamwuliza mzee mmoja kuna msiba au kuna mgomo. Akanijibu kwa upole, kama anamwelekeza mtoto njia ya shule: "Mbalamwezi, mwanangu. Dagaa anafuata taa. Mwezi ukiwaka namna hii, taa yako ataionea wapi?"

Wavuvi wa dagaa kule wanafanya kazi usiku. Wanawasha taa juu ya maji, dagaa wanakusanyika chini yake, wanavuliwa. Mbalamwezi ikikolea, taa zinapoteza nguvu, watu wanapumzika. Siku kadhaa baadaye giza likarudi, nikauona mji ukibadilika mbele ya macho yangu. Usiku ziwa lilijaa taa, utadhani kuna mtaa mwingine umejengwa juu ya maji. Asubuhi dagaa wameanikwa. Mama ntilie akaongeza sufuria, fundi simu akapata wateja, bodaboda wakaacha kubishana mpira. Mwenye duka niliyekuwa nakunywa soda kwake alifungua daftari la madeni akaanza kufuta majina.

Nilikaa palepale dukani nikacheka peke yangu. Dar tunaposema "mwisho wa mwezi" tunamaanisha mshahara, tarehe ya kwenye kalenda. Kigoma pesa inafuata mwezi wenyewe, huu wa angani. Halafu nikayakumbuka yale ya mwaka 2024, nikaacha kucheka. Mji ambao daftari zake za madeni zinafunguliwa na kufungwa na mwezi ulikaa miezi mitatu bila mvuvi hata mmoja kuruhusiwa kushusha wavu, na sisi tuliupa aya sita. Nikamwuliza mwenye duka miezi ile ilikuwaje. Alinionyesha kurasa za wakati ule. Sikuzihesabu, lakini daftari lilikuwa limenenepa.

Kitu cha tatu ni Kongo. Nikiwa kule, katikati ya Februari, waasi wa M23 waliingia Bukavu, wiki chache tu baada ya kuiteka Goma mwishoni mwa Januari. Dawatini kwetu habari za Kongo tunazitafsiri kutoka mashirika ya habari ya Ulaya. Maana yake tukio linatokea kwa jirani yetu, linasafiri hadi Paris au London, linageuzwa lugha, ndipo linarudi kwetu Dar nasi tunaligeuza tena. Siku ile mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mama mmoja anayeuza vitenge, simu yake ikalia. Alikuwa ndugu yake wa Uvira, mji ulioko kwenye ncha ya juu ya ziwa hili hili. Uvira ilikuwa na hofu kwamba zamu yao inafuata. Wamefunga mizigo, wanabishana: wavuke kwenda Burundi, au wasubiri boti?

Alizungumza naye kwa Kiswahili cha Kongo, ambacho mimi nakipata maneno saba kwa kila kumi. Alipokata simu aliendelea kukunja vitenge. Hakulia wala hakunihadithia. Baada ya muda akasema tu: "Dada, sisi hapa hatungoji redio. Ukitaka kujua vita imefika wapi, ulizia nauli ya boti."

Nimesoma uandishi wa habari miaka mitatu chuoni na hakuna aliyenifundisha hilo. (Kwa taarifa yenu, Uvira nayo iliingiwa na M23, Desemba ya mwaka huo huo wa 2025. Niliisoma Dar, kwa tafsiri, nikiwa nimekaa dirishani pangu.)

Sasa nirudi kwa mama na swali lake.

Siku moja nilipanda daladala kwenda Ujiji, kilomita chache kutoka Kigoma mjini. Wageni wanakwenda pale kuona mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, na mimi nilikwenda kwa sababu hiyo hiyo. Kilichonishika ni vingine. Nyumba zina baraza kama za kwetu. Miembe mikubwa. Wazee wa kanzu na kofia. Mwanamke aliyejifunga kanga akaniambia "karibu mgeni" kwa lafudhi ambayo ningeisikia Bagamoyo nisingegeuka. Na sababu ipo: Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo. Njia ile ilipita pembe za ndovu, na ilipita watu waliofungwa minyororo, tusiisahau sehemu hiyo. Kiswahili nacho kilipita humo humo, kikavuka ziwa kikaingia Kongo. Watu nao walikuja kwa njia ile ile mpaka pwani. Pale Kariakoo kuna Msikiti wa Manyema, nimepita mbele yake maisha yangu yote, na sikuwahi kusimama nijiulize Manyema ni wapi. Ni ng'ambo ya lile ziwa.

Kwa hiyo mama alikuwa sahihi: watu wa Kigoma wako huku, na wako huku tangu zamani. Hata dagaa wa Kigoma wako huku, kwenye sufuria yake mwenyewe. Walikuja wakauzoea mji wetu, wakajifunza foleni yetu, wakaimba, wakacheza mpira, wakauza maduka. Wao wanaijua Dar. Ni sisi wa Dar ambao hatuijui Kigoma. Jibu langu kwa mama ndiyo hilo. Simfuati mtu, naenda kujifunza upande wa pili wa njia ambayo wenzetu wameshaijua yote.

Nisiwadanganye kwamba mambo ni mteremko. Dawatini nina mshahara, mdogo, lakini unakuja. Kigoma nitakuwa mwandishi wa mkoani anayelipwa kwa habari iliyotoka. Habari isipotoka, hata nauli uliyotumia kuifuata imekwenda na maji. Nyumbani kwa mama silipi kodi, kule nitalipa, tena mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mpigo kama wenye nyumba wa hapa, tabia hiyo haina tofauti ya mji. Nimeweka akiba ya miezi minane ya kodi na chakula. Sina akiba ya kuumwa. Ndege ipo kwa dharura, lakini tiketi ya ndege si kitu cha mtu wa kulipwa kwa habari.

Na mama. Mama ana kisukari. Kila mwezi ana kliniki, na anayempeleka ni mimi: mabasi mawili kwenda, mabasi mawili kurudi, na foleni ya dirisha la dawa katikati. Kaka yangu anaishi Chanika na ameahidi atanipokea zamu. Mama aliposikia akasema, "Ahadi za kaka yako nazijua tangu hajaota meno." Basi tumekubaliana hivi: binti wa mama mdogo, aliyeanza chuo hapa mjini na alikuwa akihangaika na hosteli, anahamia chumbani kwangu bure na kliniki inakuwa yake. Pesa ya dawa naituma mimi kabla sijalipa kitu kingine chochote. Tumeifanyia majaribio miezi miwili nikiwa bado nipo, mimi nikajifanya sipo. Imekwenda vizuri. Mwezi wa pili mama alirudi akiniambia kwamba yule binti anapanga foleni vizuri kuliko mimi.

Lakini siku nyingine namkuta amekaa mlangoni mwa chumba changu, ameshika tu ile sanduku niliyonunua. Hilo sina mpango nalo. Sidhani kama kuna mtu mwenye mpango wa jambo kama hilo, na anayekuambia kuhama ni kufunga mizigo tu basi hajaacha mtu nyuma.

Nimejipa mwaka mmoja. Mwaka ukiisha sitajiuliza kama nimefurahi, maana furaha ni kitu cha siku kwa siku, hata Temeke nilikuwa nayo. Nitajiuliza kama ninaweza kumjibu muuza dagaa. Nikiweza kumwambia wavuvi wanakula nini ziwa likifungwa, nani anawakopesha, kwa masharti gani, na watoto wao wanaacha shule mwezi gani, basi nimehama kweli. Nikirudi na picha za machweo peke yake, mnikamate mniulize nauli yangu ilikwenda wapi.

Kwa wale mnaotafuta mji wenu, ushauri wangu ni mfupi. Nendeni kwanza, tena nendeni siku za kawaida, msimu wa mvua ikiwezekana. Pangeni chumba, msipange hoteli. Mkiona mnaanza kuhesabu pesa kwa namna ya wenyeji, kwa mwezi wao au kwa msimu wao, hapo mmeanza kuuona mji. Na kabla ya yote, pigeni ule mstari katikati ya ukurasa.

Mama mpaka leo hajasema ndiyo. Alichosema juzi ni kwamba nikifika nimtumie dagaa, na wasiwe wa kuanikwa mchangani, anataka wa kwenye chanja. Mnaowajua mama zetu mtanielewa: hiyo ni ruhusa, na imepigwa muhuri.

Treni ni mwezi ujao. Ninyi je, mngechagua mji gani? Niambieni upande wa kulia mmeandika nini. Wa kushoto msihangaike, nimeshawasikia miaka yote: wote mmeandika foleni.